Chopa, kisu au mandolini? Maswali mnayoniuliza kila mara kuhusu vifaa vya mkono vya kukatia mboga

Napika shughuli hapa Dar es Salaam: harusi, hitima, arobaini, na siku hizi chakula cha mchana cha maofisini. Kabla sufuria haijapanda jikoni kuna saa mbili tatu za kumenya na kukata, na hapo ndipo chakula kinapotengenezeka au kuharibika. Watu wanaokuja kunitazama nikipika huniuliza kuhusu vifaa kuliko wanavyoniuliza kuhusu viungo, na maswali ni yaleyale. Nimeyajibu hapa kwa pamoja. Nazungumzia vya mkono tu. Vya umeme nimeviacha makusudi, kwa sababu siku ya shughuli siwezi kuweka chakula cha watu mia mbili rehani kwa umeme.

Sina kitu jikoni. Nianze na kifaa gani?

Kisu kimoja kizuri, ubao wa kukatia, na kinoo. Basi.

Najua jibu hili linawavunja moyo waliokuja na picha ya chopa, lile bakuli lenye visu ndani vya kusagasagia mboga, kwenye simu. Lakini nimeingia majiko mengi nikakuta droo imejaa vifaa vya plastiki vilivyong'oka meno, na mwenye jiko bado anahangaika na kisu butu kinachoteleza juu ya nyanya. Fedha iliyonunua vile vya plastiki ingetosha kisu cha miaka kumi.

Kwa anayekatia ubaoni, makali ya sentimita 15 hadi 18 yanafaa kwa karibu kila mboga tunayopika. Kwa anayekatia mkononi, sentimita 9 au 10. Seti ya visu sita ndani ya boksi usiichukue. Utatumia viwili, na bei ya vile vinne vingine ndiyo iliyokula ubora wa hivyo viwili.

Mimi nakatia mkononi, sijawahi kutumia ubao. Ni vibaya?

Si vibaya hata kidogo. Mama yangu, bibi yangu, na karibu kila mwanamke aliyenifundisha kupika alikatia mkononi, moja kwa moja juu ya sufuria. Inaniuma ninaposikia vijana wanaambiwa eti huo ni ushamba. Ni ufundi, na una sheria zake.

Tazama mkono wa anayejua. Kitunguu kilichomenywa kimekaa kiganjani, upande wa mizizi umegeukia chini na haujakatwa, ndio unaoshika matabaka yasisambaratike. Anachanja mistari kutoka juu kwenda chini, ya karibukaribu, bila kufika mwisho. Anakigeuza robo mzunguko, anachanja tena, sasa kimekuwa kama wavu. Kisha anapitisha kisu kwa ubapa, na vipande vinadondoka ndani ya sufuria. Kidole gumba cha mkono wenye kisu ndicho kizuizi. Kisu kinavutwa taratibu kukielekea, hakisukumwi. Ukiona mtu anatumia nguvu, ujue kisu chake ni butu, na muda si mrefu atajikata.

Kisu cha kazi hii kiwe chepesi, chembamba, cha kukaa vizuri kwenye vidole. Kisu kikubwa cha nyama mkononi ni hatari tupu.

Nahamia ubaoni kwa vitu viwili. Kwanza, chochote kinachodai nguvu: boga, kabichi nzima, karoti nene, kiazi kitamu. Pili, wingi. Ikizidi kilo moja ya vitunguu, kiganja huchoka, na mkono uliochoka hausikii kisu kilipo.

Ubaoni nashikaje, maana kisu kinanikimbia?

Usishike mpini peke yake. Kidole gumba na cha shahada vibane bapa la kisu pale linapokutana na mpini, vingine vitatu vizunguke mpini. Hapo kisu kinatii. Mkono mwingine ukunje vidole kama makucha ya paka, ncha za vidole zikiwa zimerudi nyuma, bapa liguse maungio ya vidole likipanda na kushuka. Na chini ya ubao tandika kitambaa kilicholowa kisha kukamuliwa. Ubao unaotembea umekata vidole vingi kuliko kisu kikali.

Dukani nitakijuaje kisu kizuri?

Tuanze na sumaku, maana imewapotosha wengi. Ukienda Kariakoo utakuta muuzaji ana kisumaku. Kwenye sufuria za stenlesi kinasaidia: sumaku ikikataa kunata, mara nyingi hiyo ni stenlesi ya daraja kama 304, isiyoshika kutu kirahisi. Watu wamekichukua kipimo hicho wakakipeleka kwenye visu, na huko kinageuka. Chuma cha kisu kinahitaji kaboni ya kutosha ili kikichomwa na kupozwa ghafla kiwe kigumu, na chuma cha namna hiyo sumaku hukishika. Kisu cha chuma ambacho sumaku inakikataa kabisa ni laini. Utakinoa leo, kesho kutwa kimelala. Kwa hiyo kwenye kisu, sumaku ikinata, furahi.

Kisha kilete kwenye jicho kama mtu anayelenga bunduki, uangalie mgongo wake kama umenyooka. Vingi vya bei ya chini vimepinda kidogo, na kisu kilichopinda hakigusi ubao sawasawa, hivyo majani ya mboga yanabaki yameshikana kama mnyororo. Angalia mpini: chuma kipite hadi mwisho, kishikwe kwa ribiti. Chuma kikiishia katikati ya mpini wa plastiki, siku ya boga kitang'oka. Mwisho angalia unene nyuma ya makali. Kisu kinene hupasua karoti badala ya kuikata, utasikia ule mlio wa "kwa!" kabla hakijafika nusu.

Kisu cha meno madogomadogo kama msumeno ni kizuri kwa nyanya na mkate, na kwa bei ni rafiki. Lakini kikiisha makali hukinoi kwa kinoo cha kawaida. Kiwe cha pili, si cha kwanza.

Chopa ya kuvuta kamba ni nzuri kweli, au ni matangazo?

Ni nzuri kwa kazi yake, na kazi yake ni moja: kusagasaga kitunguu, karoti, hoho, kitunguu saumu na tangawizi vitakavyoyeyukia kwenye mchuzi. Ndani kuna mhimili wenye visu vitatu kwa urefu tofauti. Ukivuta kamba, kigurudumu kwenye kifuniko kinazungusha visu. Ukiachia, springi inairudisha kamba ndani. Mivuto mitano sita inatoa vipande vya kuonekana. Ukifika kumi na tano umetengeneza rojo.

Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Chopa haikati kwa mpangilio. Inapiga chochote kinachopita mbele yake. Kipande kimoja kinakuwa kama punje ya mchele, jirani yake kama kokwa la embe. Mtu anavuta zaidi ili kulisawazisha jambo, na vile vidogo vinapondeka, vinatoa maji, na kitunguu chenye maji hakikaangiki, kinachemka. Mchuzi unabaki na harufu ya ubichi hata ukipika saa nzima. Dawa yake ni kukata kitunguu vipande vinne hadi sita kabla ya kutia, kujaza bakuli nusu tu, na kuacha mapema kuliko unavyotamani.

Kwa kachumbari usiitumie. Nyanya inakuwa uji na kitunguu kinawasha. Kachumbari ni kisu, slesi nyembamba, chumvi kidogo kwenye kitunguu, suuza, kamua, ndipo ndimu.

Kuhusu kamba: yangu ya kwanza ilikatika usiku wa kuamkia arobaini ya jirani, saa nne usiku, kilo mbili za vitunguu zikiwa bado kwenye beseni. Nilimalizia kwa kisu. Asubuhi nikafungua skrubu za kifuniko nikakuta kamba imesagika pale inapotokea kwenye tundu, kwa sababu nilikuwa naivuta kwa kuiinua juu, inasugua ukingo wa plastiki. Ivute sawa na tundu, mkono mwingine ukikandamiza kifuniko. Nilitia mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, nikaufunga fundo mbili, ikafanya kazi miaka miwili mingine. Ukifungua, shika kile kigurudumu kwa kidole, springi inaruka. Na kifuniko usikizamishe majini, kifute. Maji yakiingia kwenye springi inaanza kutu na kamba hairudi.

Na ile ya kubonyeza yenye wavu wa visu juu ya kisanduku?

Kwa tango, yai la kuchemsha, kiazi kilichoiva na hoho, inatoa vipande vya mraba vinavyopendeza kwenye saladi. Kwa karoti mbichi, kifuniko cha plastiki ndicho kinachovunjika. Ukiinunua, hakikisha meno ya kifuniko yanaingia sawasawa kwenye matundu ya wavu, na kwamba kuna kitana cha kutolea mabaki. Bila hicho utatumia muda mrefu kusafisha kuliko uliookoa kukata.

Mandolini je? Naiogopa.

Endelea kuiogopa, ila usiikimbie. Kwa asiyeijua, ni kibao chenye bapa kali katikati, unapitisha mboga juu yake na slesi zinadondoka chini. Kwa mpishi wa pilau hiki ndicho kifaa kinachobadilisha chakula.

Rangi ya pilau yetu ya pwani inatoka kwenye kitunguu kilichokaangwa hadi kikawa kahawia. Slesi zikiwa za unene tofauti, nyembamba zinaungua wakati nene bado nyeupe. Ukisubiri nene, zilizoungua zinatia uchungu sufuria nzima. Ukiwahi, pilau inatoka imepauka. Mandolini ikitegeshwa milimita 2 inatoa slesi zinazofanana kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na zote zinaiva kwa pamoja. Kwa vitunguu vya kukausha vya biriani ni hivyohivyo, vinatoka vikavu na vinavunjika mkononi. Kabichi ya saladi inashuka kama nyuzi.

Sasa hatari. Kisu unakipeleka kwenye mboga. Kwenye mandolini unaupeleka mkono kwenye kisu, na kasi inakuja yenyewe. Aliyekatwa na mandolini hakatwi mstari, anaondolewa kipande. Mara zote ninazozijua ilikuwa ni ile theluthi ya mwisho ya kitunguu, mtu anasema nimalizie tu. Tumia kile kishikio kinachokuja nacho. Kama kimepotea, vaa glovu ya nyuzi ngumu ya kuzuia kukatwa, na kipande cha mwisho kiache, kikate kwa kisu. Ukimaliza kuiosha ifute palepale uirudishe kwenye boksi lake. Usiiache ndani ya beseni la maji yenye povu, kwa sababu anayekuja kuosha vyombo haioni.

Chagua yenye miguu isiyoteleza na makali ya kutolewa. Ile ya bei ndogo yenye bapa tano za kubadilisha, mbili utazitumia, tatu zitakukata ukizitafuta kwenye droo.

Sukuma wiki, mchicha na matembele nikatie nini?

Kisu. Chambua, osha, kusanya majani yaelekee upande mmoja, yakunje kama sigara nene, kisha shuka nayo kwa kisu kirefu kikali. Ukiwahi kumtazama mama mboga wa Nairobi akimkatia mteja sukuma, unajua ninachosema: fungu zima limebanwa kiganjani, kisu kinapita mbele ya vidole, na nyuzi zinazotoka ni nyembamba kiasi kwamba zinaiva kwa dakika chache tu. Wanaouza kwa wingi hutumia mashine ya kuzungusha kwa mkono, yenye gurudumu lenye visu na mdomo wa kusukumia majani; mafundi wa jua kali hutengeneza hizo. Kwa nyumba ya watu sita haina maana. Kwa anayehudumia shule au hoteli inalipa.

Jambo moja naomba lisipite: osha kwanza, kata baadaye. Vitamini C inayeyuka kwenye maji, na jani likishakatwa nyembamba linaachia kila mahali lilipokatwa. Yale maji ya kijani tunayoyamwaga tukiosha mboga zilizokwisha kukatwa ndiyo sehemu ya tulichonunua. Kama mama mboga anakukatia, muombe azioshe kabla hajakunja fungu.

Chopa kwa majani, hapana. Inayachubua, yanageuka meusi na kutoa utelezi.

Naweza kutumia chopa kwa kisamvu badala ya kinu?

Usifanye hivyo. Si suala la ladha peke yake. Majani ya muhogo yana kemikali ambayo jani likipondeka hutoa sianidi, ambayo ni sumu. Kutwanga kunavunja jani kabisa, sumu inaachiliwa, na kuchemsha muda mrefu bila kufunika kunaiondoa na mvuke. Kisu au chopa inakata vipande tu, na ndani ya vipande hivyo jani bado zima. Wenzetu wa Kongo, Rwanda na Burundi kwenye sombe na isombe, yaani kisamvu chao, nao hutwanga, na wana sababu. Kama huna kinu, nunua kilichokwisha kutwangwa sokoni, au kisage kwa mashine ya kusagia nyama ya kuzungusha kwa mkono, mara mbili, ukichemshe vilevile.

Kinu kidogo na mchi wake kiwe nacho hata hivyo. Kitunguu saumu, tangawizi na pilipili mbuzi vilivyotwangwa na chumvi vina harufu ambayo kisu hakiitoi.

Kwa nini kitunguu kinaniliza, na kuna kifaa cha kuzuia?

Kitunguu kina kemikali zenye salfa zilizowekwa chumba kimoja na vimeng'enya vilivyowekwa chumba kingine. Ukikata unabomoa kuta, vinakutana, na ndani ya sekunde chache hewa inayowasha inapanda machoni. Mwaka 2002 watafiti wa Japani walieleza kimeng'enya mahsusi kinachotengeneza hewa hiyo ya machozi. Kabla ya hapo ilidhaniwa inajitokea yenyewe.

Kwa hiyo kinga kubwa ni kisu kikali. Kikali kinapita katikati, kinabomoa vyumba vichache, butu kinaponda. Weka vitunguu kwenye friji nusu saa kama unalo, baridi inavichelewesha vimeng'enya. Kaa mahali penye upepo unaotoka nyuma yako kwenda mbele. Chopa ya kamba inaifungia ile hewa ndani, na hiyo ni sifa yake ya kweli, ila ukifunua kifuniko usiinamie bakuli. Kushika kiberiti kwa meno nimejaribu tangu utoto, sijaona tofauti.

Kunoa: kinoo, tupa, au nimpe mnoaji wa mtaani?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, na ndilo linaloulizwa na wachache.

Tupa iache kwa panga na jembe. Inang'oa chuma kingi na kuacha makali yenye mikwaruzo.

Mnoaji anayepita na baiskeli yake, anapiga pedali jiwe linazunguka, ana nafasi yake, hasa kwa kisu kilichokatika vipande kwenye makali. Lakini jiwe kavu linalozunguka kwa kasi linachemsha chuma. Ukiona makali yamegeuka bluu au kahawia, ujue pale ugumu umeondoka na hapatashika makali tena mpaka sehemu hiyo isagwe iishe. Muombe achovye kisu kwenye maji kila baada ya mipito miwili. Wazuri hufanya hivyo bila kuombwa.

Nyumbani, kinoo cha pande mbili kinatosha, upande wa namba 400, wenye chembe kubwa, kwa kisu kilichoharibika na upande wa 1000, wenye chembe laini, kwa kunoa kwa kawaida. Kiloweshe kama ni cha maji. Simamisha kisu wima juu ya kinoo, kilaze nusu, kisha kilaze nusu tena, halafu kidogo zaidi: hapo uko kwenye nyuzi takriban 20. Kisukume kana kwamba unataka kuchana slesi nyembamba ya jiwe, kuanzia kisigino cha kisu hadi ncha. Endelea upande mmoja mpaka ukipapasa upande wa pili kwa gumba, kutoka mgongoni kwenda nje, usikie ukingo mdogo unaokwaruza kama gamba la samaki. Huo ukingo ndio unaokuambia umefika. Geuza, fanya hivyohivyo, kisha malizia kwa mipito myepesi ya kubadilishana pande hadi ukingo uondoke.

Jaribu kwa nyanya iliyoiva. Weka kisu juu ya ganda, kivute bila kukandamiza. Kikiuma palepale, tayari. Kikiteleza, rudi kwenye kinoo.

Kama kinoo huna leo na wageni wanakuja, geuza kikombe cha udongo uliochomwa. Ule mduara wa chini usiopakwa rangi ya kung'aa unanoa vizuri tu. Nimeutumia kwenye nyumba za watu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Mimi nanoa kila Ijumaa. Kwa nyumba ya kawaida, mara moja kila wiki tatu au nne inatosha, mradi kisu hakitupwi kwenye droo kugongana na vijiko.

Ubao wa mbao au wa plastiki?

Vyote viwili, kila kimoja na kazi yake. Mboga na matunda nakatia kwenye mninga. Kuku, samaki na nyama mbichi nakatia kwenye plastiki, na ubao huo hauguswi na kachumbari. Kutenganisha kibichi na kilichoiva ni moja ya kanuni tano za chakula salama za Shirika la Afya Duniani, na ndiyo ninayoona ikivunjwa zaidi kwenye shughuli.

Usidhani plastiki ni safi zaidi kwa sababu inang'aa. Dean Cliver, mtafiti aliyekuwa Chuo Kikuu cha California kule Davis, alionyesha kwamba bakteria wakiingia ndani ya mbao hawarudi juu kirahisi na hufa huko, ilhali plastiki iliyokwisha chanjwachanjwa na kisu ni ngumu kusafishika kwa mkono. Ukiona mistari ya plastiki imeshika uchafu usiotoka, itupe. Wa mbao usiuache umelowa; usimamishe upande ukauke pande zote mbili. Mbao za maboksi ya kusafirishia mizigo usizitumie, hujui zimepakwa nini.

Ubao wa kioo naukataa kabisa. Unamaliza makali ya kisu ndani ya siku moja.

Mama yangu ana baridi yabisi, vidole havikunji. Nimnunulie nini?

Hapa ndipo naiheshimu chopa. Mnunulie ya kamba yenye kishikio kikubwa cha kuingiza vidole vyote vinne, siyo kile kipete cha kidole kimoja, na bakuli lenye mpira chini lisiteleze. Kama hata kuvuta kunamuumiza, tafuta ile ya kukandamiza kwa kiganja, anaweza kutumia uzito wa mwili.

Kwa kumenya, mpe kimenyeo chenye umbo la herufi Y. Kinashikwa kama wembe wa kunyolea, hakidai kubana sana. Umbo hilo lilipata umaarufu kupitia Alfred Neweczerzal wa Uswisi mwaka 1947, na hadi leo bado linatumika. Mpini wowote mwembamba unaweza kuunenepesha kwa kuuzungushia mpira wa ndani wa tairi la baiskeli na kuufunga vizuri.

Kisha mkalishe mezani. Wazee wengi wanaumia kwa kukata wakiwa wameinama kwenye kigoda, na tunalaumu kisu.

Natumia mkono wa kushoto. Kuna cha kuangalia?

Visu vingi vimenolewa pande zote mbili, havina shida. Epuka vilivyonolewa upande mmoja tu, vingi huwalenga wa mkono wa kulia na vitakukimbilia ndani. Mashine za kuzungusha kwa mkono zijaribu dukani kabla ya kulipa.

Naanza biashara ya chipsi. Ile mashine ya mkono ya kukatia viazi inafaa?

Inafaa, na ni lazima. Chukua ya chuma yenye mkono mrefu, inayofungwa kwa bolti kwenye meza au ukutani, wavu wa kama sentimita moja. Ya plastiki itakufikisha wiki. Chagua ambayo wavu wake unauzwa peke yake, kwa sababu bapa zitalegea na siku hiyo utahitaji spea, si mashine mpya. Kiazi kirefu kuliko mdomo wa mashine kikate ncha, usikilazimishe. Kikilazimishwa ndipo bapa zinapopinda. Na kila jioni itoe wavu uuoshe, wanga wa kiazi ukikauka unakuwa kama gundi.

Ninaishi nje ya nchi. Nikija likizo nibebe nini cha kurudi nacho?

Visu vizuri utavipata huko huko, pengine kwa bei nafuu kuliko hapa. Usivunjike mgongo kwa kubeba visu. Kinachostahili nafasi kwenye begi ni kinu kidogo cha mbao na mbuzi ya nazi, ile ya kukalia, inayokunjika. Kisamvu kilichotwangwa na kugandishwa kinauzwa kwenye maduka mengi ya vyakula vya Kiafrika Ulaya na Marekani, hicho kisikusumbue.

Chochote chenye makali, pamoja na ule ulimi wa mbuzi ya nazi, kiende kwenye begi la kukabidhi, kamwe si la mkononi. Watakinyang'anya pale kwenye ukaguzi. Kata kadibodi mara mbili ya upana wa makali, kunja katikati, ingiza kisu, zungushia utepe wa gundi wa karatasi pande zote, kisha kiviringishe ndani ya kanga. Kinu kikaushe juani siku mbili kabla ya safari na ukague kama kina vitundu vya wadudu, kwa sababu forodha za baadhi ya nchi huzuia mbao zenye dalili za wadudu.